Huyo Mtoto Hakulaaniwa

Jamani, waandishi wenzangu, mimi nimechoka na yule mtoto.

Mnamjua. Yumo katika hadithi zetu kila msimu. Namkuta kwenye miswada tunayosomeana, namkuta kwenye michezo ya kuigiza ya shule, na juzi nimemkuta tena kwenye hadithi ya kijana mmoja wa mjini anayeandika vizuri kunishinda. Mtoto huyo kazaliwa kijijini, na kijiji chenyewe hakina jina. Mama yake alivunja mwiko, au baba yake alimdhulumu nduguye shamba, basi mizimu ikamfunga mtoto kinywa. Hali, hasemi. Watu wananong'ona. Ukurasa wa mwisho anaingia mganga na tunguri zake, au mchungaji mwenye sauti ya radi, siri ya wazazi inafichuka, na kinywa kinafunguka paa! Neno la kwanza ni "mama". Msomaji anafuta machozi, mwandishi anapigiwa makofi, sote tunakwenda kunywa chai.

Nasema wazi: hadithi hiyo ni uongo. Na siyo uongo ule mtamu ambao sanaa imeruhusiwa. Ni uongo wenye madhara, kwa sababu mtoto asiyeweza kufungua kinywa yupo kweli, na hadithi za namna hiyo ndizo zinazomchelewesha kufika hospitali.

Mimi ni kijana wa Keza, wilaya ya Ngara, huku Kagera inakopakana na Burundi. Kidato cha nne nimemaliza, zaidi ya hapo sijafika. Nina riwaya yangu ndani ya kaunta buku tatu, na namba ya mchapishaji mmoja ambaye hapokei simu. Sina cheo cha kumfundisha mtu udaktari. Ila nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye kinywa chake kilikaa kimefungwa kwa miaka, na katika miaka hiyo nimesikia kila neno mnaloandika ninyi likisemwa na watu wazima mbele yake, naye akisikia. Kwa hiyo nitasema.

Tuanze na mwili, maana ndipo hadithi zetu zisipotaka kuanzia. Hebu weka kidole mbele ya sikio lako, pale penye kijishimo, halafu fungua kinywa. Umesikia kitu kimeteleza kuja mbele? Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini. Kinakaa ndani ya kijibonde chini ya fuvu, na katikati yao kuna kipande laini cha gegedu ili mfupa usisagane na mfupa. Unapokula, unapocheka, unapobishana habari za Simba na Yanga, kiungo hicho kinafanya kazi kulia na kushoto, na wewe huna hata habari nacho.

Sasa mtoto mdogo akiangukia kidevu, nguvu ya pigo haiishii kidevuni. Inapanda na taya mpaka kule juu mbele ya sikio. Kwa mtoto, kile kichwa cha mfupa ni kipana, shingo yake ni fupi, ganda lake ni jembamba, na ndani kuna mishipa mingi ya damu. Kinaweza kupasuka. Damu inamwagika ndani ya kiungo. Nje mnaona kidonda kidogo cha kidevu tu, kinashonwa nyuzi tatu, basi. Taya likiachwa bila kuchezeshwa, ile damu na vile vipande vya mfupa vinaweza kugeuka kovu, kovu likageuka mfupa, na mwisho taya likaungana na fuvu. Madaktari wanaita ankilosisi ya kiungo cha taya. Kwa Kiswahili chetu cha barazani: taya limeganda.

Njia ya pili ni sikio. Usaha wa sikio ukiachwa mpaka ukachimba mfupa, unaweza kuingia kwenye kiungo hicho kilicho jirani. Kabla ya dawa za antibiotiki maambukizi ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa sababu kubwa; siku hizi, katika sehemu nyingi za dunia, sababu kubwa ni kuanguka na ajali. Wapo pia watoto wanaozaliwa taya tayari limeshikana, lakini hao ni wachache mno.

Niambieni basi, katika hayo yote mzimu uko wapi? Mwiko wa mama uko wapi? Naona mwembe, naona ngazi, naona baiskeli, naona sikio linalotoa usaha na mtu mzima anayesema "litakauka lenyewe". Mizimu siioni.

Kinachowapumbaza watu ni kwamba jambo hili halitokei siku moja. Mtoto anaanguka ana miaka 3, kidonda kinapona, kila mtu anasahau. Kinywa kinapungua kidogo kidogo, kwa miezi, kwa miaka. Anapofika darasa la kwanza ndipo mtu anashtuka: mbona huyu hali kama wenzake? Imeanza lini? Mama anajibu kwa haki kabisa kwamba hajui. Hapo ndipo pengo linapobaki, na pengo hilo sisi tunalijaza uchawi kwa sababu uchawi unaandikika haraka.

Na hasara haiishii kwenye chakula. Kile kichwa cha mfupa ni mahali pamojawapo ambapo taya la mtoto hukulia. Kikiganda, taya haliendi mbele na mwenzake wa juu. Kidevu kinabaki kidogo, kimerudi nyuma. Likiganda upande mmoja, kidevu kinahamia upande ule wenye ugonjwa. Tena hapo kuna ajabu: shavu la upande mgonjwa ndilo linaloonekana limejaa, na la upande mzima ndilo linaloonekana bapa, hata watu wananyooshea kidole shavu zima na kusema ugonjwa uko pale. Ulimi unabanwa nyuma kwenye njia ya hewa. Usiku mtoto anakoroma kama mzee, anakatika pumzi, anashtuka, anarudi kulala. Mswaki haufiki ndani, meno yanaoza bila daktari kuyaona. Akitapika ni hatari. Hata kupiga mwayo, starehe ambayo masikini na tajiri wamegawiwa sawa, yeye hana.

Vitabu vya madaktari vya Kizungu vikauita uso huo "uso wa ndege". Mnaona? Hata wasomi wa visu wakikutana na mtoto huyu wanakimbilia tamathali ya semi, wanakuwa washairi ghafla.

Ila jambo moja mlishike: mtoto huyu si bubu. Anaongea. Anaongea meno yakiwa yamekutana, midomo ndiyo inayohangaika, sauti inatoka imeviringana kama ya mtu aliyebana sindano mdomoni akishona. Ukiinama ukamsikiliza, ndani ya siku mbili umemzoea. Kumwita bubu ni kutangaza kwamba wewe hujawahi kuinama.

Mdogo wangu alianguka akiwa na miaka 4. Alikuwa amekaa kwenye karia ya baiskeli, mbele yake mkungu wa ndizi, wakishuka mlima na breki zikakataa. Kidevu kilipasuka, na sikio moja likatoa damu. Zahanati waliyompeleka walimshona kidevu, wakampa dawa ya maumivu. Ile damu ya sikioni wakasema ni mchubuko. Hakuna aliyemwambia afungue kinywa waone. Nyumbani bibi akamfunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini ili taya "litulie", wiki tatu nzima. Bibi alimpenda mjukuu wake kuliko anavyopendwa mtoto yeyote katika hadithi zetu. Lakini taya la mtoto lililopasuka kwenye kiungo halitaki kutulizwa wiki tatu. Linataka chakula laini na kuchezeshwa mapema. Hata daktari anapolazimika kulifunga, hulifunga kwa muda mfupi, siku 7 hadi 10, kisha analifungua lifanye kazi.

Alipofika miaka 7, uji ulikuwa unapitishiwa pale lilipong'oka jino la mbele. Ugali unavurugwa kwenye mchuzi wa maharage mpaka uwe maji. Na maneno yakaanza. Wakasema mama mdogo alipokuwa mjamzito alimcheka kiziwi. Wakasema baba mdogo alihamisha mpaka wa shamba usiku. Mbuzi wawili walikwenda kwa mganga wa ng'ambo ya mto, na walipokwisha mbuzi ikauzwa baiskeli, ile ile! Shuleni mwalimu akamketisha dawati la nyuma kwa kuwa "hawezi kusoma kwa sauti". Alikuwa anaweza. Alikuwa ananisomea mimi gazeti jioni, nikimrekebisha matamshi ya miji ya Ulaya.

Alikuwa na miaka 9 alipokuja muuguzi wa chanjo, ambaye shughuli yake wala haikuwa na yeye, akamwona anakunywa uji kwa pembeni. Akamwambia asimamishe vidole vyake vitatu na kuviingiza mdomoni. Hata kimoja hakikupita. Muuguzi akauliza:

"Aliwahi kuanguka?"

Maneno mawili. Miaka 5, mbuzi wawili na baiskeli moja, na katika ukoo mzima, kijiji kizima na shule nzima hakuna aliyekuwa ameyauliza maneno hayo mawili. Waliuliza nani kamroga. Waliuliza mama alikula nini. Swali la kuanguka lilikuwa la kawaida mno, halina utamu wa kusimulia. Hapo ndipo nawashitaki waandishi, kwa sababu kazi ya kuuliza "ilikuwaje?" ni kazi yetu sisi. Tumelipwa kwa makofi ili tuifanye, na tumemwachia muuguzi wa chanjo.

Sasa niwageukie wale waliosoma zaidi, ambao uchawi hawauamini lakini nao wana neno lao. Wanasema: "Ugonjwa huo ni adimu." Wakishasema hivyo wanafunga faili. Nauliza, adimu wapi? Mtoto wa mjini, wa wazazi wenye uwezo, akianguka kwenye ngazi anapigwa picha jioni ile ile, taya linachezeshwa, halipati nafasi ya kuganda. Huyo kwake ni adimu kweli. Mtoto wa huku akianguka hakuna picha, hakuna wa kumfuatilia, na likishaganda anafichwa. Mgeni akija anaambiwa aingie ndani. Shule anaacha. Sisemi wako maelfu. Sina hesabu na sitabuni hesabu. Nasema mtu ambaye hajahesabiwa hawezi kuitwa adimu.

Wengine wana neno "mbali". Ngara ni mbali, wataalamu hawafiki. Basi nikumbushe historia ya wilaya hii. Mwishoni mwa Aprili 1994, mimi sijazaliwa, watu wapatao 250,000 waliikimbia Rwanda wakavuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, wakaingia Ngara hii hii. Dunia nzima ikaijua njia! Kambi ya Benaco ikawa mji, mahema ya matibabu yakasimama, magari ya misaada yakapanga mstari, waandishi wa habari wakaja na kamera zao. Waliokimbia mauaji walistahili kila walichopewa na zaidi. Simwonei mtu wivu hapo. Ila angalieni jambo moja. Kilomita za kutoka Dar es Salaam hazikupungua hata moja mwezi ule. Kilichoongezeka ni macho. Na kuwapelekea watu macho mahali wasipotazama ndiyo kazi tuliyojipa tuliposema tunataka kuwa waandishi.

Je, taya lililoganda linatibika? Linatibika, na siyo Ulaya peke yake. Anayelitibu anaitwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Muhimbili wamekuwa wakifundisha madaktari wa meno tangu mwaka 1979. Kanda ya Ziwa tuna hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Huku kwetu kuna hospitali za Murgwanza na Rulenge, ambako safari ya barua ya rufaa inaweza kuanzia. Njia ipo. Ni ndefu, ina nauli na kulala stendi, lakini ipo.

Penye mtihani mkubwa ni kwenye nusu kaputi. Mgonjwa wa kawaida akishalazwa usingizi, mrija wa hewa unapitishwa kinywani. Huyu kinywa hakifunguki! Basi mrija unapitishwa puani, ukiongozwa na kamera nyembamba inayopinda, au inabidi kutobolewa tundu kooni. Ndiyo maana upasuaji huu haufanywi kila mahali. Daktari anapasua mbele ya sikio, anaukata mfupa uliounganisha taya na fuvu, anaacha nafasi, na ndani ya nafasi hiyo anaweka utando au nyama kutoka kwenye msuli wa panja ili mfupa usionane tena na mfupa. Pengine anachukua kipande cha ubavu chenye gegedu, anakifanya kichwa kipya cha taya, kiweze kukua na mtoto.

Mwaka 1990 Leonard Kaban na wenzake, madaktari wa Marekani, walichapisha utaratibu wa kutibu taya hili kwa hatua 7. Hatua ya 7 siyo kisu. Ni mazoezi, yaanze mapema, yaendelee kwa nguvu kwa miezi mingi. Maana mfupa ni mkaidi. Ukiuacha umetulia unatafutana na mwenzake na kuungana upya, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Kwa hiyo hatua 6 zinafanyika hospitali kwa mabingwa. Ya 7 inafanyika Keza, kwenye mkeka, na bingwa wake ni mama mdogo.

Kapewa vijiti bapa vya mbao, vile ambavyo daktari anakandamizia ulimi. Unavipanga kama karata, unavichomeka katikati ya meno ya mtoto, unasubiri, kesho unajaribu kuongeza kimoja. Asubuhi, mchana, jioni, kabla ya kulala. Mtoto analia. Majirani wanasema mama huyu anamtesa mwanawe baada ya kutumia hela zote zile. Baba mdogo anasema mwache leo apumzike. Na yeye mwenyewe mtoto kajifunza kuvificha vijiti kwenye majani ya paa la banda la kuku.

Alitoka hospitali na vidole vitatu. Wakati naandika haya yuko kwenye viwili na nusu. Ile nusu ndiyo vita ya nyumbani kwetu sasa hivi, na siwezi kuwaambia nani atashinda.

Sasa nitajieni hadithi moja, moja tu, kati ya zote mlizoandika, ambamo kuna nusu ya kidole. Hakuna. Katika hadithi zetu kinywa kinafunguka paa, halafu mwisho. Tunajisifu tumeumba mgogoro, kumbe mgogoro wenyewe tumeukimbia. Mama anayemwumiza mtoto wake mara nne kwa siku kwa sababu anampenda, na mtoto anayemchukia mama saa zile nne na kumng'ang'ania saa zilizobaki: hiyo ndiyo riwaya! Sisi tumekaa na tunguri.

Najua mtakavyonijibu, maana tumeshabishana.

Wa kwanza atasema, "Fasihi siyo zahanati." Kweli kabisa. Ila hata baa siyo zahanati, na mwenye baa akiuza pombe yenye sumu tunamkamata. Simwombi mtu aandike kipeperushi cha Wizara ya Afya na kukiita hadithi fupi. Namwomba asiseme uongo juu ya mwili wa mtoto halafu akajificha nyuma ya neno "sanaa".

Wa pili, huyu ni mjanja zaidi, atasema, "Hukuelewa, ndugu. Kinywa kilichofungwa ni ishara. Ni wananchi walionyimwa kusema." Nimeelewa sana, fani na maudhui nilifundishwa na mimi. Ishara yenyewe nzuri. Lakini hiyo ni kukopa taya la mtoto ili uzungumzie siasa, kisha deni hulipi. Umemtumia mtoto huyu kusemea watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Kama unataka kuwasemea walionyimwa kusema, basi hapa pana mmoja, anakaa dawati la nyuma, ana maneno chungu nzima. Anza na huyo.

Wa tatu atasema, "Huko vijijini ndivyo wanavyoamini, mimi naonyesha hali halisi." Hapo naomba niseme kama mwanakijiji. Ndiyo, watu wa kwetu walisema uchawi. Watu hao hao waliuza mbuzi, wakauza baiskeli, na aliposema muuguzi "pelekeni hospitali" wakauza na mahindi yaliyokuwa bado shambani. Hawakumbishia hata kidogo. Hawa siyo watu wanaokataa dawa. Ni watu ambao hawakuambiwa dawa iko wapi. Mkiwaandika kama wapumbavu wa mizimu mnaandika nusu, tena ile nusu rahisi.

Simfukuzi mganga katika hadithi. Waganga wapo, wawekeni. Lakini muwekeni na mbuzi wakitoka zizini mmoja mmoja, na tarehe ya kila mmoja, na kinywa kilivyozidi kupungua kati ya mbuzi wa kwanza na wa pili.

Na kwa kuwa gazeti hili linapita mikononi mwa vijana wenye wadogo zao nyumbani, haya nayaandika bila mapambo. Mtoto akipasuka kidevu, usitazame kidevu peke yake. Gusa mbele ya masikio yote mawili. Mwambie afungue kinywa, tazama kama kidevu kinakwenda upande. Tazama kama sikio linatoa damu. Ukiona kasoro yoyote, mpeleke apigwe picha, na umrudishe tena baada ya wiki chache hata kama kidonda kimepona. Usimfunge taya kwa kitambaa. Kipimo cha nyumbani ni vidole vyake mwenyewe vitatu, vimesimama, siyo vyako. Usaha wa sikio utibiwe mpaka uishe. Na mtoto ambaye kinywa kimekaza ghafla, ndani ya siku chache, mwili nao unakakamaa, huyo huenda ana pepopunda. Huyo hata jioni usingoje, kimbia naye.

Kwa wakubwa nina moja. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha wa malipo kwa watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Jambo jema. Ila taya hili lina hila: linavunjika mtoto akiwa na miaka 3 na linaonekana akiwa na 7, muda wa msamaha umeshapita. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno "wote" ni kubwa. Sisi huku tutalipima kwa mtoto mmoja anayehitaji nauli ya kwenda kliniki ya marudio, kwa sababu upasuaji bila marudio ni hatua 6 zilizotupwa.

Nimesikia tunakusanya kazi za toleo lijalo. Naomba hivi: atakayeleta mtoto aliyefungwa kinywa, alete na mahali alipoangukia. Kama ni mti, mti gani, na nani alikuwa chini yake. Kama ni baiskeli, breki zilikuwaje. Aseme nani alimshona na nani hakumtazama. Akishatufungulia kinywa hicho, asikimbie. Abaki ukurasa mmoja zaidi atuonyeshe nani anashika vijiti kesho asubuhi.

Na mhariri akiona nimezidisha ukali, akate anapopenda, sitanuna. Ila yale maneno mawili ya muuguzi ayaache yalivyo.